Je, Rubani wa Macho Aijue Ramani ya Vyombo?



Watu wanaoshughulika na urubani hubishana juu ya neno moja: je, rubani ambaye leseni yake inamruhusu kuruka kwa kuona kwa macho tu, yafaa ajue kusoma ramani ya kukaribia uwanja kwa vyombo? Wako wasemao kwamba haina haja, kwa kuwa hana ruhusa ya kuitumia. Wako wasemao kwamba yafaa sana. Mimi ni wa kundi la pili, nami nitaeleza sababu zangu bila ya kuwadharau wale wa kundi la kwanza, maana hoja zao si za kitoto.

Huenda mtu akauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wa Kasense?" Latuhusu. Uwanja wetu wa ndege wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nao uliingizwa katika mpango wa serikali wa kujengwa upya pamoja na viwanja vya Kigoma, Tabora na Shinyanga. Upande mmoja tuna milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000. Ng'ambo yake nchi yaanguka ghafula kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 1,000 chini yetu. Kila mtu aliyekulia Ufipa ajua jinsi mawingu yanavyoikalia Mbizi tangu Novemba mpaka Aprili. Nchi ya namna hii haimsamehe rubani asiyejua alipo. Tena miongoni mwetu wanafunzi hawakosi watakaokuwa marubani, na sisi wengine tutakuwa abiria wao.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Rubani wa macho huongoza ndege kwa kutazama ardhi, milima, maziwa na upeo wa macho. Kwa desturi ya mataifa, akiwa juu ya futi 3,000 kutoka usawa wa bahari, na zaidi ya futi 1,000 juu ya ardhi iliyo chini yake, yampasa akae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na mita 300 kwa juu au chini, naye aweze kuona mbele yake kilomita 5 kwa uchache. Apandapo zaidi ya futi 10,000, kilomita hizo huwa 8. Rubani wa vyombo naye amefundishwa kuongoza ndege hata akiwa ndani ya wingu asione kitu, kwa kutazama saa za mbele yake: altimita inayoonyesha kimo, dira, chombo kinachoonyesha kama mabawa yamelala sawa, na vyombo vya redio au setilaiti vinavyomwambia alipo.

Mafunzo ya watu hawa wawili hayalingani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lataka mtu anayeomba leseni ya rubani binafsi awe na umri wa miaka 17 kwa uchache, na awe ameruka kiasi cha saa 40. Atakaye kibali cha vyombo yampasa aongeze saa nyingine 40 za kuruka kwa vyombo. Saa za ndege ni ghali mno, kwa hiyo wengi huishia katika daraja ile ya kwanza.

Na ramani yenyewe ni kitu gani? Ni karatasi moja, tena ndogo, iliyochorwa kwa ajili ya uwanja mmoja na upande mmoja wa njia ya kutua. Juu kabisa yameandikwa mawimbi ya redio ya uwanja huo na kimo chake. Katikati mna picha ya nchi kama aionavyo tai: njia ambayo ndege itaifuata, milima iliyo karibu, na nukta za kugeukia. Chini yake mna picha nyingine ya njia ileile ikitazamwa kwa ubavuni, mfano wa ngazi, ikionyesha ndege iwe juu kiasi gani katika kila nukta. Mwisho mmeandikwa kimo ambacho rubani akikifikia bila ya kuiona njia ya kutua, ni marufuku kushuka zaidi. Na hapo hapo imechorwa njia ya kughairi, yaani apande vipi na aelekee wapi. Ramani za viwanja vya Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na viwanja kama vile Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza vinazo.

Basi sasa nieleze kwa nini rubani wa macho aijue.

Sababu ya kwanza ni kwamba anga ni moja. Rubani wa macho na rubani wa vyombo hutua katika uwanja uleule, tena mara nyingi kwa saa ileile. Chukulieni uwanja mdogo usio na mnara wa kuongozea ndege, ambapo marubani huambiana wenyewe kwa redio. Rubani wa ndege kubwa aliye ndani ya wingu asema, "Niko nukta ya mwisho ya kukaribia, maili tano." Rubani wa macho aliye chini ya wingu ausikia vizuri usemi huo, lakini hajui nukta hiyo iko upande gani, wala ndege ile itashuka kwa njia ipi, wala itatoka winguni katika kimo gani. Amesikia sauti lakini hakupata habari. Ndege iendayo mwendo wa maili 120 za baharini kwa saa huzimaliza maili hizo tano kwa dakika mbili na nusu. Na ule umbali wa mita 1,500 kati ya ndege ndogo na ukingo wa wingu huupita kwa sekunde 24 hivi. Mtu aliyewahi kuisoma ile karatasi angelijua mara moja ajitenge upande gani.

Wazee wetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika watalifahamu jambo hili upesi. Kwa miaka mingi meli ya Liemba ilikuwa ikipita Kasanga na Kipili. Mvuvi wa mtumbwi hakuwa na cheti cha unahodha, wala hakuna aliyemtaka aiongoze Liemba. Lakini alijua meli ile hupita wapi na hugeukia wapi, wala hakutandaza nyavu zake katika njia yake usiku. Kuijua njia ya mkubwa ni usalama wa mdogo.

Sababu ya pili ni milima. Katika ramani hizi mna alama ya duara yenye kuonyesha kimo cha salama kwa kila upande wa uwanja, katika eneo la maili 25 za baharini, yaani kilomita 46 hivi. Kimo hicho kimehesabiwa ili ndege iwe juu ya kilele au mnara mrefu kuliko vyote vya upande huo kwa mita 300 kwa uchache. Kwa nchi kama hii yetu, kilomita 46 kutoka mjini huimeza Mbizi pamoja na mporomoko wote wa Lyamba lya Mfipa. Rubani wa macho anayezo ramani zake nyingine zenye kuonyesha vilele, ni kweli, na hizo ndizo zake hasa. Lakini hesabu hii imekwisha fanywa na mafundi, ikaandikwa kwa tarakimu moja. Ya nini kumficha?

Afrika ya Mashariki imelipa gharama kubwa kwa milima yake. Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 wakafa. Tarehe 15 Novemba 2017, ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka watu Serengeti iliangukia milimani karibu na kreta ya Empakai, na watu 11 wakapoteza maisha. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, na watu 10 wakafa. Sitoi hukumu juu ya ajali hizi. Kila moja ina mambo yake, na uchunguzi una wenyewe. Wala sisemi kwamba karatasi ingeliwaokoa. Nasema tu kwamba katika zote tatu mlima ulikuwa pale pale ulipokuwa tangu zamani, na kimo chake kilikuwa kimeandikwa.

Sababu ya tatu yatoka katika historia ya ramani zenyewe. Miaka ya 1930 huko Marekani alikuwako rubani mmoja aliyechukua barua kwa ndege, jina lake Elrey Jeppesen. Zama zile marubani walifuata reli, mito na barabara, na wenzake kadhaa walikufa katika milima wakati wa baridi. Akanunua kijitabu cheusi kwa senti kumi, akawa anaandika ndani yake urefu wa viwanja, mahali pa taa, na vimo vya vilima na matangi ya maji. Wakati mwingine alipanda kilima kwa miguu akiwa na altimita ili apate kimo chake sawasawa. Aliandika hata nambari za simu za wakulima walioweza kumwambia hali ya mawingu mashambani kwao. Wenzake wakamwomba nakala, na mwaka 1934 akaanza kuziuza kwa dola 10. Humo ndimo zilimotoka ramani zenye jina lake ambazo marubani wa ulimwengu mzima wazitumia mpaka leo. Basi tazameni: aliyeanzisha kazi hii alikuwa mtu wa kutazama kwa macho, akiwaandikia watu wa kutazama kwa macho. Kumwambia rubani wa macho leo kwamba karatasi hii si yake ni kumnyima mtoto urithi wa babu yake.

Sasa nizijibu hoja za wenzetu.

Hoja yao kubwa ni hii: elimu nusu ni hatari kuliko ujinga. Wasema kwamba rubani wa macho akijua kusoma ramani ya vyombo, siku moja atakuta wingu limefunika uwanja, naye atashawishika kusema, "Njia naijua, nitashuka taratibu." Nao hukumbusha methali yetu ya pwani: usisafirie nyota ya mwenzio.

Hoja hii ina nguvu, na ushahidi wake uko. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakawafanya waongoze ndege bila ya kuona nje. Wote 20 walipoteza uongozi wa ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178 tu, hazikutimia hata dakika tatu. Sababu ni kwamba mwili wa binadamu hudanganywa ndani ya wingu: ndege yazunguka na kuanguka, na yeye aona yuko sawa. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alirusha ndege yake usiku juu ya bahari kwenye ukungu wa joto. Alikuwa ameanza mafunzo ya vyombo lakini hakuwa amepata kibali. Wachunguzi walisema kwamba alipotewa na hisia ya juu na chini. Yeye, mkewe na shemeji yake wakafa. Wala wenye elimu kamili hawakukingwa siku zote: tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka Ziwa Viktoria, na katika watu 43 waliokuwamo 19 walikufa, na marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao.

Lakini tuitazame ile habari ya Illinois mpaka mwisho wake. Wataalamu wale hawakuishia kuwahesabia watu sekunde. Waliwafundisha marubani walewale, kwa saa chache tu, jambo moja: namna ya kutulia, kutazama vyombo vichache, na kugeuka nyuma walikotoka. Walipojaribiwa tena karibu wote walifaulu kila mara. Na leo sheria ya mataifa yataka kila rubani binafsi, ijapokuwa ni wa macho, afundishwe kugeuza ndege nusu duara kwa kutazama vyombo peke yake. Maana yake ni nini? Maana yake elimu kidogo haikuwa hatari ilipofundishwa pamoja na mpaka wake. Hatari ni elimu isiyoambiwa mwisho wake uko wapi.

Na hapa ndipo nionapo faida kubwa ya ramani hii kuliko zote nilizotaja. Hakuna ramani ya vyombo isiyo na njia ya kughairi. Rubani mwenye kibali chote, mwenye vyombo vyote, na msaidizi wake kando, amechorewa tangu nyumbani mstari wa kuacha kutua na kuondoka zake. Haambiwi kwamba kughairi ni aibu; ameambiwa kimo gani aghairi, aelekee upande gani, na apande mpaka wapi. Nadhani rubani wa macho akiisoma karatasi hiyo mbele ya mwalimu mwema, hatasema, "Kumbe naweza kushuka winguni." Atasema, "Ikiwa fundi huyu amewekewa mpaka, mimi nisiye fundi mpaka wangu uko wapi?" Naye atajiandikia wake kabla hajapanda ndege: wingu likiwa chini ya kimo hiki, narudi, nisipouona mlima ule nifikapo mahali fulani, narudi.

Ama ile methali, mimi naiheshimu. Lakini haisemi usiijue nyota ya mwenzio. Yasema usiisafirie. Nahodha mwema huzijua nyota nyingi, akasafiri kwa iliyo yake.

Hoja ya pili ya wenzetu ni kwamba mwanafunzi wa urubani ana mzigo mkubwa tayari, na gharama ni nyingi. Jibu langu ni kwamba kusoma karatasi hakuhitaji petroli. Ni kazi ya darasani, ya alasiri mbili tatu. Tena hesabu zake nyingi tunazo humu humu shuleni. Altimita hupima mkandamizo wa hewa, kama tujifunzavyo katika Fizikia: rubani akiitega vibaya kwa hektopaskali 10, itamdanganya kwa futi 300 hivi, yaani mita 90. Ngazi ya kushukia huwa ya nyuzi 3, na mwanafunzi anayejua tanjiti atapata mwenyewe kwamba kila maili moja ya baharini ndege hushuka kiasi cha mita 97. Maili tano kutoka uwanjani yapasa iwe juu ya uwanja kwa mita 485 hivi. Mtu aliyesoma kontua katika Jiografia hatashindwa na ramani hii.

Hoja ya tatu ni kwamba ramani hizi hubadilika. Ni kweli tupu. Zina mzunguko wake wa siku 28, na iliyopitwa na wakati yaweza kumdanganya mtu, kwa maana mnara mpya haumo au wimbi la redio limebadilishwa. Lakini hiyo ni sababu ya kufundisha vizuri, si sababu ya kutofundisha. Siku hizi ramani hizi huonekana katika simu na vishikwambi, kijana yeyote aweza kuzitazama. Kwa hiyo swali limebadilika: si kama atazitazama au la, bali kama atakuwa amefundishwa na mtu azijuaye, au atajifundisha gizani.

Maoni yangu basi ni haya. Shule zinazofundisha urubani nchini ziweke masomo machache ya kusoma ramani ya vyombo kwa kila mwanafunzi wa macho. Afundishwe kutafuta vitu vitano: kimo cha uwanja, mawimbi ya redio, njia ambayo ndege kubwa zitaijia, kimo cha salama cha kila upande, na njia ya kughairi. Afundishwe na tarehe ya ramani. Kisha aambiwe kwa maneno makali kwamba haya ni kwa ajili ya kujua na kujitenga, na kwamba siku atakapoitumia kushukia winguni bila ya kibali, atakuwa amevunja sheria na amechezea roho za watu.

Nanyi wazazi na abiria mnalo fungu lenu. Rubani wa ndege ndogo husukumwa sana na maneno ya watu: mgonjwa angojea, mkubwa ana mkutano, mgeni ana haraka. Rubani akigeuka nyuma kwa sababu Mbizi imefunikwa, msimwite mwoga, wala msiulize nauli yenu kwa hasira. Mkaribisheni chai, kesho mtaondoka. Mtu aliyejua mahali pa kurudi amefanya kazi yake yote.

Mwenye hoja ya kunipinga na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita